Nadharia ya Kilo Tano

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, maana wenyewe wana masikio marefu na muda mwingi wa kuyatumia. Itoshe kusema kwamba ni nchi ambayo hakuna kitu kinachoharibika. Mashine hazikosei, programu za kompyuta hazikwami, lifti hazisimami njiani. Si kwamba wana mafundi hodari kuliko sisi, la hasha. Wana kongamano.

Kila mwaka, mwezi wa saba, wasomi wote wa nchi hiyo hukusanyika katika Jumba la Uhakika kwa siku tatu kuhakiki mifumo ya taifa. Kwingineko, tunaambiwa, kuhakiki mfumo ni kazi ya kukondesha. Mtu anakaa na hesabu zake na kompyuta yake, anaandika kila hali ambayo mashine inaweza kujikuta ndani yake, kisha anaonyesha hatua kwa hatua kwamba hakuna hata moja itakayoleta balaa. Inachukua miezi, na mara nyingi jibu ni kwamba balaa lipo. Nchi hii iliona huo ni upotevu wa wakati. Wao hupima uthibitisho kwa makofi. Profesa akimaliza kusoma, mshereheshaji anasimama na kuuliza, "Jamani, tumpe kilo ngapi?" Ukumbi ukitoa makofi ya kilo moja, hilo ni wazo. Kilo tatu, hiyo ni hoja. Kilo tano, hiyo sasa ni nadharia. Inapigwa muhuri wa taifa wenye picha ya kobe, na kuanzia dakika hiyo kila sentensi iliyomo ndani yake ni sheria ya nchi.

Sheria kabisa, si mchezo. Kuna kitu kinaitwa Sheria ya Kulinda Nadharia, na kina meno. Miaka minne kabla ya mambo haya, kongamano lilithibitisha kwa kilo tano na nusu kwamba lifti ya Wizara ya Uhakika haiwezi kusimama kati ya ghorofa na ghorofa. Wiki ya pili yake ikasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na ndani mna watu saba. Walipotolewa walipelekwa moja kwa moja mahakamani, wakashtakiwa kwa kosa la kuwa mahali ambapo kwa mujibu wa nadharia mtu hawezi kuwa. Sita walikiri na kuomba radhi. Wa saba, mzee mmoja wa masijala, alishikilia kwamba alikuwemo kweli, akaongezewa miezi mitatu kwa ukaidi.

Basi katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Siwema Kihampa, Mkaguzi Msaidizi Daraja la Tatu katika Shirika la Reli. Alikuwa mchapakazi, mpole, mwenye heshima zake, na alikuwa na ila moja tu. Alikuwa anasoma vitu mpaka mwisho.

Siwema alikuwa na kaka mmoja, Chande, dereva wa treni. Wazazi wao walishatangulia, wakabaki wao wawili. Chande ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuhesabu, kwa mabehewa ya mizigo yaliyokuwa yakipita nyuma ya nyumba yao, na kwa sababu hiyo Siwema mpaka leo akifika kumi na nane anapenda kutulia kidogo, maana treni za siku zile ziliishia hapo.

Reli ya nchi hiyo ni moja, kutoka Kichuguu hadi Mkondoni, kilomita sitini na mbili, njia moja tu ya chuma. Kwa miaka themanini treni zilipita bila kugongana kwa sababu ya pete. Ilikuwa pete kubwa ya chuma, ya kuvaa begani, na ilikuwa moja. Dereva mwenye pete ndiye mwenye njia. Asiye nayo anakaa stesheni anakunywa chai mpaka mwenzake afike nayo. Mfumo mzima ndio huo, na hata mtoto wa chekechea anauelewa, jambo ambalo wasomi waliliona ni aibu kubwa kwa taifa.

Kwa hiyo ukaletwa mfumo mpya wa kompyuta. Kila stesheni ikapewa kitufe na taa. Mkuu wa stesheni anabonyeza, kompyuta inaangalia kama njia ni tupu, inawasha taa ya kijani, dereva anaondoka. Siwema akapewa makabrasha yake ayapange kabatini. Badala ya kuyapanga akayasoma, na ilipofika siku ya kumi na moja akagundua jambo lililomfanya ainuke kwenye kiti. Wakuu wa stesheni wakibonyeza ndani ya sekunde moja, kompyuta inaangalia kote kuwili kwa pamoja, inaona njia tupu, na inawasha kijani kote kuwili. Treni mbili, njia moja.

Alijituliza. Sekunde moja! Nani atabonyeza sekunde moja na mwenzake aliye kilomita sitini na mbili? Inaweza isitokee miaka kumi. Kisha akafungua ratiba ya uzinduzi, akasoma kwamba siku ya mwisho ya kongamano, Jumamosi saa kumi kamili, Mheshimiwa Waziri wa Uhakika atahesabu redioni moja, mbili, tatu, na akisema tatu wakuu wote wawili watabonyeza kwa pamoja, ili mkoa wa Kichuguu usijione bora na mkoa wa Mkondoni usijione mke mdogo. Kila treni itakuwa na mabehewa sita ya wanafunzi na wanakwaya. Dereva wa kutoka Kichuguu: Chande Kihampa.

Alimkuta kaka yake anapiga pasi sare mpya.

"Kaka, Jumamosi usiende."

"Nisiende wapi? Umekula nini leo wewe?"

Siwema alimweleza yote, pole pole, kwa vifuniko viwili vya soda na mstari wa chaki mezani. Chande alitazama vile vifuniko vikikutana. Aliiweka pasi pembeni.

"Mdogo wangu, nina miaka ishirini na mbili kwenye reli. Nikigoma, unga wangu unamwagika leo hii, na Jumamosi watampandisha Mbaruku, yule wa miwani ya kuazima. Treni itaondoka tu. Na upande wa pili yuko Sekwao, na Sekwao huyo ndiye aliyenisimamia harusi. Kama una la kusema, waambie hao wasomi wako. Mimi ni mtu wa taa. Ikiwa kijani naondoka."

"Na ile pete?"

"Wameichukua. Wanasema inatutia ushamba."

Siwema alirudi nyumbani akilia njia nzima bila kujificha. Asubuhi aliosha uso, akajiandikisha kusoma makala kwenye kongamano.

Jumba la Uhakika lina ukumbi wenye mlango mmoja mkubwa wa umeme. Mwaka uliotangulia ilithibitishwa, kwa kilo tano na robo, kwamba mlango huo hauwezi kujifunga wenyewe. Ukweli ni kwamba ulikuwa unajifunga kila ukiachiwa, na ukishajifunga haufunguki mpaka aje fundi na nyundo. Kwa kuwa hilo lilikuwa haliwezekani kisheria, hakuna aliyelisema. Wahudumu waliuzuilia tu kwa kitu kizito, wakaendelea na maisha. Siwema alipoinama kukitazama hicho kitu kizito, alikitambua. Ilikuwa pete ya reli.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi. Mshereheshaji alianza kutambua uwepo wa wageni saa tatu asubuhi. Alitambua uwepo wa Waziri, wa mke wa Waziri, wa naibu, wa makatibu, wa wawakilishi wa wale walioshindwa kufika, kisha wa wale walioshindwa kufika wenyewe. Saa saba wakaenda kula. Saa nane na nusu akaendelea na safu ya nne. Ilipotimu saa kumi na moja Waziri akapanda jukwaani, mtu mnene, sauti ya ngoma.

"Ndugu wasomi," alisema, "na ndugu mashine popote mlipo. Serikali haitavumilia mashine yoyote yenye tabia ya kukosea. Mashine inayotaka kukosea ikakosee nchi jirani!"

Makofi yakawa ya kilo nne, ambayo katika nchi hiyo haijaamuliwa kama ni hoja au ni nadharia, na mjadala ukaahirishwa.

Siwema alikuwa amekwisha toka nje. Kwenye ushoroba palikuwa na meza yenye kibao kilichoandikwa DAWATI LA VIELELEZO KINZANI. Kielelezo kinzani, kwa asiyejua, ni mfano mmoja tu unaoonyesha kwamba nadharia si kweli. Ukisema kuku wote ni weupe, nami nikaleta mweusi, basi. Dawati hilo liliwekwa ili wageni wa nje walione na kuandika ripoti nzuri. Miaka yote kumi na saba hakuna aliyewahi kufika mbele yake. Nyuma ya meza aliketi Bi Apolonia, mama wa makamo, anashona kitambaa cha kochi.

"Shikamoo, mama. Nina kielelezo kinzani."

Bi Apolonia aliangusha sindano. "Marahaba, mwanangu. Unacho wewe mwenyewe?"

"Ninacho."

"Haya." Akafuta vumbi kwenye fomu. "Tunahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Na picha mbili za pasipoti, mandhari ya bluu."

"Picha zangu?"

"Zako za nini? Za kielelezo."

"Mama, ni treni mbili zinazogongana."

"Basi zitazame kamera, zisicheke. Kimetokea lini?"

"Bado hakijatokea. Kitatokea Jumamosi saa kumi."

Bi Apolonia alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mama mbaya. "Mwanangu, kitu ambacho hakijatokea mimi nakipokeaje? Njoo nacho Jumatatu."

Siku ya pili ilikuwa ya makala. Siwema alikuwa amepangiwa dakika kumi na mbili. Kwa kuwa itifaki ya siku ya kwanza ilikuwa imekula muda, zikapunguzwa hadi mbili. Alipanda jukwaani, akaweka slaidi yake ya stesheni mbili.

"Treni zinaweza kugongana," alisema.

"Itifaki!" ukumbi ukanguruma.

Ilibidi aanze kutambua uwepo. Alimtambua Waziri na mke wa Waziri kwa pumzi moja, akamruka naibu, akakimbia kama mtu anayewatajia polisi namba ya gari, na alikuwa ndio kwanza amefika kwa makatibu wastaafu kengele ikalia. Mshereheshaji akamshukuru kwa wasilisho lililojaa heshima. Akapewa gramu mia mbili.

Alirudi kwenye kiti chake. Kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akafungua mfuko wa zawadi waliopewa washiriki wote. Ndani mlikuwa na kalamu, kofia, na kitabu cha kurasa mia nne na kumi na mbili: uthibitisho wa Profesa Gervas Mtukula kwamba mfumo mpya wa reli hauwezi kusababisha ajali. Wenzake walikuwa wameshakipatia matumizi. Wengine walijipepea nacho, mmoja alikiwekea kichwa akalala. Siwema alifanya lile aliloona halifanywi na mtu mwingine yeyote ukumbini. Alikisoma.

Hakuhitaji kufika mwisho. Ukurasa wa tisa uliandikwa hivi: Dhana ya kwanza. Tuchukulie kwamba hakuna treni inayotembea.

Alisoma tena. Akapekua mbele kutafuta mahali ambapo treni zinarudishwa. Hazikurudishwa. Kurasa mia nne na tatu zilizofuata zilithibitisha, kwa alama za kupendeza kama kazi ya mfumaji, kwamba treni zisizotembea hazigongani.

Wakati wa chai ya saa kumi alimkuta Profesa Mtukula kando ya sinia la sambusa. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa, na alikuwa hazungumzi na mtu bali na eneo lililo juu kidogo ya kichwa cha mtu huyo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Umekipenda kitabu?"

"Profesa, ukurasa wa tisa. Umesema hakuna treni inayotembea."

"Ndiyo. Dhana ya kwanza."

"Sasa reli isiyo na treni, nani asiyejua kwamba haina ajali?"

"Wanaojua ni wengi," alisema Profesa, akichovya sambusa kwenye pilipili. "Lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha."

"Mbona hukuziweka hizo treni?"

"Tuliziweka! Miezi kumi na moja kompyuta inatukatalia. Kila tukiiuliza kama mfumo ni salama inasema si salama, si salama, mpaka nikaanza kuitilia shaka uzalendo wake. Tulipoziondoa treni ilikubali kwa sekunde nne. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo la reli yetu siku zote lilikuwa treni."

"Profesa, kesho saa kumi watu watakuwemo ndani. Kaka yangu ndiye dereva!"

"Binti," alisema Profesa kwa upole, akifuta vidole vyenye mafuta kwenye ukurasa wa tisa wa Siwema, "treni ni suala la utekelezaji. Mimi ni mtu wa nadharia."

Siwema alitamani kummwagia ile chai, na ilikuwa bado ya moto. Alichukia ndevu zake, alichukia vidole vyake, alichukia ukumbi mzima wa watu wenye kofia za bure. Lakini alipokuwa anatazama lile doa la mafuta juu ya maneno yale, kichwa kilimtulia. Katika nchi hii mtu hawezi kusema "si kweli" mpaka apate barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kusema "hongera" hakuhitaji barua. Hongera, kwa kanuni za kongamano, haina hata kikomo cha dakika.

Jumamosi saa tisa na nusu Profesa Mtukula alisoma kichwa cha kitabu chake, basi. Hakuna aliyetaka kusikia zaidi. "Kilo ngapi, jamani?" aliuliza mshereheshaji, na ukumbi ukalipuka. Kilo tano kamili, hazikupungua hata chembe. Muhuri wa kobe ukashuka. Redio ya taifa ilikuwa hewani, na huko Kichuguu na Mkondoni wakuu wa stesheni walikuwa wameshaweka vidole juu ya vitufe. Chande alikuwa ameketi kwenye kichwa cha treni, sare imenyooka, nyuma yake kwaya inaimba wimbo wa kumsifu Waziri.

"Kuna pongezi zozote kabla ya Mheshimiwa kuhesabu?" aliuliza mshereheshaji.

Siwema alikuwa ameshasimama.

Alimvika Profesa Mtukula kilemba cha ukoka cha mikunjo saba. Alisema nchi haijawahi kupata kichwa kama kile. Alisema vizazi vijavyo vitaona wivu kwa kuchelewa kuzaliwa. Profesa alianza kutikisa kichwa kwa unyenyekevu, kisha akaacha, maana alikuwa anakubaliana na kila neno. "Na uzuri wote wa nadharia hii," alisema Siwema, "umo katika ukurasa wa tisa. Waheshimiwa, naomba mniruhusu niusome, taifa lisikie." Waziri akapunga mkono, soma. Siwema akasoma, polepole, mbele ya kipaza sauti cha redio: "Tuchukulie kwamba hakuna treni inayotembea."

"Sentensi hii sasa ina muhuri wa kobe," aliendelea. "Ni sheria ya nchi kama sheria nyingine. Mimi ninachoomba tu, kwa heshima ya Profesa wetu, ni kwamba akitokea mtu leo akatembeza treni, hata moja, hata kwa bahati mbaya, serikali isimwonee haya. Achukuliwe hatua kama wale wa kwenye lifti. Kwa anayeamuru, kifungu cha nne cha Sheria ya Kulinda Nadharia kinasema miaka saba. Hongera sana, Profesa." Akaketi.

Saa ya ukutani ikagonga kumi. Waziri alikuwa ameshafika mbele ya kipaza sauti, na mazoea yana nguvu.

"Moja," alisema Waziri.

Nchi nzima ikabana pumzi.

"Mbili," alisema Waziri, na hapo ile miaka saba ikamwingia kichwani.

Nchi nzima ikasubiri tatu. Mkuu wa stesheni wa Kichuguu jasho lilimtoka mpaka kwenye kitufe. Chande alishika wenzo wa kuondoshea treni. Tatu haikuja.

"Profesa," alinong'ona Waziri, na mnong'ono wake ukasikika mikoa yote, "wewe ndiye mwenye nadharia. Malizia wewe."

"Mheshimiwa, itifaki hainiruhusu kuhesabu mbele yako."

"Nakuruhusu."

"Sauti imenipotea, Mheshimiwa."

Kipaza sauti kikapelekwa kwa naibu, naibu akampa katibu, katibu akakipitisha kwa watu waliokipokea kwa ncha za vidole. Kilizunguka safu zote kumi na mbili za wasomi wa nchi hiyo, madaktari wa falsafa wasiopungua mia moja, na hakupatikana hata mmoja aliyeweza kutaja namba inayofuata mbili. Kikarudi kwa Waziri. Aliinua kidevu.

"Ndugu wananchi," alitangaza, "serikali yenu ni sikivu, haiwezi kuivunja hisabati. Kuanzia sasa ni marufuku treni yoyote kutembea!"

Makofi yalikuwa ya kilo kumi na moja. Kwenye kelele hizo Siwema alifunika uso kwa kile kitabu, akacheka na kulia kwa pamoja, na waliomwona walidhani ni uzalendo.

Reli ya nchi hiyo sasa ndiyo salama kuliko zote duniani. Mwaka mzima, ajali sifuri. Watangazaji wa redio wakihesabu huruka kutoka mbili kwenda nne, kwa tahadhari. Profesa Mtukula alipewa nishani, kisha akapewa kazi ya kuhakiki mashine za kupumulia wagonjwa wa hospitali zote, na inasemekana ukurasa wa tisa ameshaumaliza.

Abiria wa Kichuguu walirudia kutembea kwa miguu juu ya reli, na vikapu kichwani. Chande hakufukuzwa. Aliamriwa kufika kazini kila siku, kupanda kwenye kichwa cha treni, kukaa mpaka saa kumi, na kushuka. Wakuu wa stesheni nao waliamriwa kubonyeza vitufe kila siku saa nne asubuhi, kwa kumbukumbu. Kwa karibu mwaka mzima Chande hakumsemesha dada yake. Alikuwa anamsalimu, hapana zaidi.

Kisha siku moja usiku wa manane alifika kwake, viatu vimejaa vumbi, akaketi, akamaliza mtungi mzima wa maji.

"Leo saa nne asubuhi taa yangu iliwaka kijani," alisema. "Nikasema, mimi ni mtu wa taa. Nikashuka nikaanza kutembea kwa miguu, nione inanipeleka wapi. Njiani nikaona mtu anakuja mbele yangu, juu ya reli hiyo hiyo. Sekwao. Nikamuuliza, we, umeruhusiwa na nani? Akasema, taa yangu kijani, na wewe je?"

Siwema alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Tulikutana kilomita ya thelathini na moja," alisema Chande. "Tukakaa chini pale pale. Tukahesabu mabehewa ya siku ile. Mimi sita, yeye sita." Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na dada yake akamshika mkono mpaka alipotulia. Baadaye akauliza, "Ile pete yetu iko wapi siku hizi?"

Kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya Kongamano la Kumi na Nane. Waziri, naibu, makatibu, Profesa na wasomi wote walikuwa ukumbini, na itifaki ilikuwa imefika safu ya pili. Siwema alitembea kwenye ushoroba akamwamkia Bi Apolonia, akainama mlangoni, akaichomoa pete, akaivaa begani. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kwa heshima.

Hakuwa amefika kwenye ngazi kitasa kilipoanza kutikiswa kwa ndani. Kisha ngumi. Kisha sauti.

"Fungueni! Tumefungiwa humu!"

Bi Apolonia aliutazama mlango, akatazama ukutani, kwenye nadharia ya mlango iliyotiwa fremu. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Profesa Mtukula! Mlango umejifunga!"

"Haiwezekani, Profesa. Kilo tano na robo."

"Mama, mimi nimo humu ndani! Naona kwa macho yangu!"

Bi Apolonia aliona ni kweli jambo hilo si la kupuuza. Alivaa miwani, akafuta vumbi kwenye fomu, akaisukuma chini ya mlango.

"Jaza hiyo, mwanangu," alisema. "Na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na picha mbili, mandhari ya bluu." Akaokota sindano yake, akaendelea kushona.

Saa nane mchana, kwenye stesheni ya Kichuguu, Siwema alimkabidhi kaka yake pete mbele ya watu wote, na treni ikaondoka. Wa kuwakamata walikuwa bado wanapiga mlango.